Fahali Asiyelipiwa

Jumapili, 15 Septemba 1991

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mruzuku wa watu na wa wenye kwato, ambaye mvua hungoja idhini yake na mimba haishiki ila kwa amri yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, nakusalimu wewe utakayeshika kurasa hizi, uwe mwanangu, mjukuu wangu au mgeni niliyekupenda kabla ya kukujua. Mimi ni Zuberi bin Kamanzi, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Nyamirambo, upande wa juu, mahali ambapo nyumba huishia na majani ya mlima Kigali huanza. Babu yangu alifika nchi hii na wafanyabiashara kutoka Tabora. Inasimuliwa kwetu kwamba alinunua ng'ombe kabla ya kununua kitanda, na mpaka leo hatujaibadilisha tabia hiyo.

Mvua za umuhindo, yaani vuli yetu, zimeanza alasiri ya leo. Nimekaa barazani nikimtazama fahali wangu, Rusine, akilowa kwa furaha. Ni fahali wa mwili mkubwa na tabia ya upole, na katika vilima hivi hakuna asiyemjua. Mwenye ng'ombe anayehitaji dume humleta kwangu, nami sipokei hata ndizi. Marehemu baba alinifundisha kwamba anayetoza watu kwa ajili ya fahali wake amejivunjia heshima.

Mwaka jana mwanangu Shema alimwoa Uwase, binti wa Munyaneza Eustache wa Butamwa, ng'ambo ya mlima. Kwa mahari tulipeleka mtamba wetu bora, Gaju, mwekundu kama udongo mbichi, mwenye doa jeupe chini ya sikio. Miezi michache baadaye Munyaneza aliomba Rusine aende akampande, nasi tukampeleka kwa shangwe. Desturi ya nchi hii inajulikana: ng'ombe wa mahari akizaa, baba wa binti huwarudishia maharusi ndama wa kike, waanze naye maisha yao. Uwase amekwisha kujifungua binti, Alhamdulillahi. Gaju naye alipaswa kuzaa mwezi wa nane. Tunasubiri habari.

16 Septemba

Mvua. Paa la zizi linavuja upande wa mashariki.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumesoma Maulidi uwanjani kwangu. Munyaneza, ingawa ni Mkristo na anaongoza sala kanisani kwao, alikuja na mkewe wakiwa wamevaa vizuri sana, wakaleta kibuyu cha asali. Tulikaa pamoja kama wapasavyo kukaa mabamwana, maana ndivyo tunavyoitana sisi wazazi wa maharusi. Nikamuuliza kwa upole:

"Na huko nyumbani, bamwana, ng'ombe ni wazima?"

"Wazima, bamwana. Tunamshukuru Mungu."

"Wote?"

"Majani ni mengi mwaka huu," akajibu, akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka humo.

Sikuuliza tena. Kumuuliza mkwe habari za ndama ni kumwambia usoni kwamba umechoka kumngoja. Lakini walipoondoka, mke wangu Bi Zaituni alikunja mikeka na kusema, "Yule ndama amezaliwa zamani. Amefichwa."

"Usimdhanie mtu vibaya siku ya Maulidi."

"Basi nitamdhania kesho."

Nilimkemea, lakini dhana ilikwisha kuingia moyoni mwangu.

24 Septemba

Mjane Mukantwari, jirani yetu anayeuza maziwa Muhima, amemleta ng'ombe wake kwa Rusine. Nadhani aliwahi kuja mwezi uliopita, na pengine hata kabla ya hapo. Nilimwambia, "Mama, umekuwa mgeni wetu wa kudumu." Akacheka: "Nakuja kumsalimu Rusine tu, Mwalimu. Ng'ombe wangu amempenda." Nikajisikia fahari kama mimi ndiye niliyependwa.

27 Septemba

Ijumaa njema. Shema ameziba paa. Sasa linavuja upande wa magharibi.

1 Oktoba

Vita vya kaskazini vimetimiza mwaka. Baada ya adhuhuri tumeomba dua msikitini, kwa ajili ya waliokufa na kwa ajili ya sisi tulio hai. Mola atupe amani.

Jumatano, 2 Oktoba

Naandika mkono wangu ukiwa bado mzito.

Asubuhi Kaze, muuza nyama, aliniomba nishuke uwanjani kwake kumchinjia, kwa kuwa mchinjaji wake ana homa. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Nikachukua kisu changu, nikatawadha, nikashuka. Ng'ombe alikuwa amekwisha kulazwa na kuelekezwa kibla, vijana wamemshika. Nikainama, nikamgeuza kichwa ili nipate shingo vizuri, nikaona doa jeupe chini ya sikio.

Nilisimama. Jina la Mungu lilikuwa limeshafika ulimini, nami nikalirudisha kifuani.

"Kaze," nikasema, "ng'ombe huyu umempata wapi?"

"Butamwa, Mwalimu. Iko nono, si unaona? Lakini iko tasa. Mwenyewe amechoka nayo."

"Mwenyewe ni nani?"

Kaze akakuna kisogo. "Mzee mmoja hivi, mpole. Aliniambia nipeleke mbali sana, Gitarama huko, nisichinjie Nyamirambo. Nikasema ndiyo, ndiyo. Lakini Gitarama iko mbali, Mwalimu! Na hii ng'ombe inatembea pole pole kama bibi harusi."

"Ni bibi harusi," nikamwambia. "Ndiye mahari ya mwanangu."

Vijana walimwachia mara moja. Gaju akasimama, akajitikisa, akanusa kanzu yangu.

Msomaji asiye wa kwetu huenda asifahamu uzito wa jambo hili. Ng'ombe wa mahari hapelekwi kwa muuza nyama. Kumpeleka huko ni sawa na kuirarua ndoa mbele ya watu. Kama ningelipitisha kisu kile, jioni habari ingelifika kila baraza, kwamba Zuberi amechinja kwa mkono wake mahari yaliyokataliwa na mkwewe. Uwase angelirudi kwao na mtoto mgongoni, na mimi na Munyaneza tusingelitazamana tena mpaka kaburini.

Nikamwahidi Kaze kwamba nitampa mnyama mwingine, wa uzito kama huo au zaidi, kutoka zizini kwangu. Akakubali, kwa sharti nisimwambie mtu kwamba aliona uvivu wa kwenda Gitarama. Nimemleta Gaju nyumbani na kumfunga peke yake nyuma ya jiko. Bi Zaituni alimtazama, akanitazama, akakaa chini.

Kesho nitavuka mlima.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilifika Butamwa kabla ya adhuhuri, viatu vimejaa matope. Munyaneza alikuwa akipalilia migomba. Aliponiona akaliweka jembe chini polepole sana. Mkewe akaleta maziwa, tukaketi, tukaulizana habari za mvua, za watoto, za majirani, za mvua tena. Hatimaye nikasema:

"Bamwana, Gaju yuko kwangu."

Akaweka maziwa yake chini. Kisha akasema, "Kaze aliniahidi Gitarama."

"Kaze ni mvivu, na Mungu ametumia uvivu wake. Niambie, ndama yuko wapi?"

"Hakuna ndama!" Sauti yake ilipanda, nami sikuwahi kuisikia ikipanda. "Ilitoa mimba mwezi wa tano. Ndama ikatoka imekufa, haina hata manyoya. Ningesemaje, Mwalimu? Ng'ombe ya heshima, imetoka kwako nzima, imeharibikia kwangu. Ungesema wachungaji wangu waliipiga. Ungesema Munyaneza hajui kufuga."

"Ningelisema pole."

"Ungesema pole kwa mdomo."

Na hapo alikuwa amesema kweli.

Akaeleza kwamba tangu mwezi wa tano alimpeleka Gaju kwa siri kwa fahali wawili wa majirani, na kila mara alirudi kutaka dume. Akachoka, akaona bora amuuze mbali, anunue ndama wa kike mahali pengine, na awaletee Shema na Uwase akisema Gaju ndiye aliyemzaa. "Mngefurahi," akasema, "na hakuna ambaye angeaibika."

Nilikuwa nimepanda mlima nikiamini kwamba bamwana wangu ameficha ndama. Kumbe alikuwa tayari kununua ndama kwa jasho lake ili kuificha huzuni yetu sote wawili. Nikamshika mkono, tukaahidiana kuambiana kweli tangu siku ile, tukakaa hivyo, wazee wawili wenye matope miguuni, mpaka mkewe akauliza kwa hofu kama kuna aliyefariki.

4 Oktoba

Ijumaa. Miguu inauma. Nimesali nikiwa nimeketi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Shema amemleta daktari wa mifugo. Nilimtarajia mwanamume mwenye miwani. Akaja binti wa miaka thelathini hivi juu ya pikipiki, amevaa buti za mpira, jina lake Mukeshimana, aliyesomea kazi hii Dakar. Alinisalimu kwa mikono miwili, akakataa chai, akauliza:

"Mzee wangu, fahali yuko wapi?"

"Mgonjwa ni ng'ombe jike, binti yangu. Yuko nyuma ya jiko."

"Nitamwona. Lakini nianze na mume."

Nikaona haya, nikakohoa. Alipoinama chini ya Rusine na kuanza kukagua mahali ambapo mwalimu wa chuo hapazungumzii na binti wa watu, niligeuka kuutazama mlima. Bi Zaituni akasogea karibu. "Wewe fumba macho, Mwalimu," akasema. "Mimi nitakutazamia."

Daktari akaniuliza kama niliwahi kumwona Rusine na vidonda hapo. Nikamjibu kwamba ndiyo, mwaka jana, baada ya kupanda ng'ombe mgeni kutoka Gikongoro. Vilikuwa vipele vidogo vyenye usaha. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, vikapona, nikashukuru.

"Vilipona nje," akasema, na sasa aliketi chini kama mwanafunzi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikifundishwa. "Kuna virusi, Mzee wangu, vidudu vidogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haivioni. Hivi ninavyovishuku huingia wakati wa kupandana. Jike naye hutoka vipele, vinapona, mwenyewe hata hajui. Lakini virusi havitoki. Vinakwenda kulala ndani ya mishipa ya fahamu, maisha yote. Mnyama akichoka, akitembezwa mbali, akipata homa, vinaamka na kumwambukiza mwingine. Kwa jike mmoja mimba haishiki. Kwa mwingine inashika, halafu inatoka ikiwa kubwa. Voilà, ndivyo hivyo."

"Rusine ni mzima. Mtazame shingo yake!"

"Fahali wa namna hii huwa na shingo nzuri sana. Ndiyo sababu watu humwamini." Akachukua damu ya Rusine, ya Gaju na ya ng'ombe wangu wengine. Kisha akauliza: "Waliopandwa na huyu mwaka huu, wangapi wamezaa?"

Nikafungua kinywa nijibu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Wote walishukuru. Isipokuwa mtu mmoja aliyenionyesha ndama wake, hakuna aliyewahi kurudi kuniambia amepata ndama.

"Wangekuambiaje?" akasema Daktari. "Humtozi mtu. Nani atalalamikia kitu cha bure?"

Alipoondoka nilihuzunika, nikasema msichana yule ana maneno makali. Bi Zaituni akajibu kwamba makali ni ya dawa.

9 Oktoba

Mvua kubwa. Chuo hakikufunguliwa.

12 Oktoba

Mukantwari alikuja na ng'ombe wake tena. Nikamwambia Rusine anapumzika. Akasema hapana neno, naye pia atapumzika, akaketi na kunywa chai mbili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Majibu yamekuja. Damu ya Rusine ina alama za virusi vile. Ya Gaju pia, na ya ng'ombe wangu watatu. Daktari alinieleza taratibu, bila kunionyesha kwamba alikuwa amekwisha kuniambia. Majike wamekwisha kupata kinga na huweza kushika mimba na kuzaa, mradi wasirudi kwa dume mwenye ugonjwa. Atawapandisha kwa mrija, kwa mbegu safi za kituo cha mifugo. Lakini Rusine hafai tena kuwa fahali wa mtu yeyote. Akihasiwa, bado anaweza kuwaambukiza wenzake kwa pumzi.

"Nyama yake?" nikauliza.

"Haina neno. Virusi hivi ni vya ng'ombe, si vya watu."

Basi nikajua ni mnyama gani nitakayempa Kaze.

Baada ya sala ya Ijumaa nilizunguka na Daktari nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyewahi kumleta ng'ombe kwangu, niwaambie kwa kinywa changu kwamba fahali wangu aliwaletea ugonjwa. Nilitarajia lawama. Nikapokewa na watu waliofurahi kama waliotolewa jela. Wa kwanza akasema wake hakushika. Wa pili akasema wake alitoa mimba, akamzika ndama usiku. Mutabazi fundi cherehani akasema alikuwa akisema wake amezaa, kwa ajili ya kunipendeza tu, na aliwahi kunionyesha ndama wa shemeji yake.

"Nilimsifu ndama yule!" nikasema.

"Ulimsifu sana, Mwalimu. Nilikaribia kulia."

Mukantwari alishika kiuno. "Mimi nilidhani Rusine hampendi ng'ombe wangu. Nimekuwa nikimwosha ng'ombe kwa sabuni ya kunukia, mwezi hata mwezi, apate kupendeza!"

Tukacheka mpaka Daktari akalazimika kukaa juu ya pikipiki yake. Hivyo ndivyo tulivyosambaziana ugonjwa vilima hivi vyote: mimi kwa ukarimu wa kutotoza, wao kwa adabu ya kutosema.

20 Oktoba

Nimemchinja Rusine mwenyewe. Nilisoma jina la Mungu kwa sauti iliyotimia. Alikuwa mpole mpaka mwisho. Leo sitaandika zaidi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Gaju ametaka dume tangu alfajiri, akilia na kuamsha mtaa. Shema alikimbia kumwita Daktari, naye akafika na chupa kubwa inayofuka moshi wa baridi. Munyaneza pia alifika kwa miguu akitweta, kwa kuwa nilituma habari. Tulisimama pamoja nje ya zizi kama watu wanaongoja nje ya chumba cha mzazi.

"Fahali yuko ndani ya mrija ule?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Ndiyo, bamwana."

"Jina lake nani?"

Daktari akasikia, akasoma juu ya mrija: "Ana namba tu, Mzee."

Munyaneza akasikitika sana. "Baba wa ndama hana jina," akasema.

2 Novemba

Mvua, na kunde zimeota vizuri.

9 Novemba

Bi Zaituni anampelekea Gaju maganda ya ndizi kwa siri. Najua, naye anajua kwamba najua.

16 Novemba

Daktari alisema kama mimba haikushika, Gaju atadai dume tena siku hizi. Nimekaa zizini tangu asubuhi. Kila alipolia nilisimama. Alikuwa akimlilia ndama wa jirani. Nilisomesha wanafunzi hapo hapo mlangoni, nao wamejifunza zaidi habari za ng'ombe kuliko herufi.

17 Novemba

Ametulia. Sithubutu kufurahi.

19 Novemba

Ametulia bado. Munyaneza amekuja, akamtazama, akasema yeye alimwona Gaju akitulia hivi hivi mara mbili Butamwa kisha akadai dume. Amelala hapa, hakutaka kuondoka.

7 Desemba

Mvua zinapungua. Ng'ombe wa Mukantwari naye amepandishwa kwa mrija. Hakumwosha kwa sabuni.

Jumamosi, 28 Desemba

Jua safi, umuhindo umekwisha. Daktari alikuja kama alivyoahidi. Alivaa mfuko mrefu wa plastiki mpaka begani, akaingiza mkono, akafumba macho. Uwase alikuwa amembeba mtoto. Munyaneza alikuwa akisali kwa namna yake na mimi kwa namna yangu, na sidhani kwamba huko juu dua zetu ziligongana. Daktari alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili.

"Binti yangu," nikasema, "kama hakuna, sema. Tumekwisha kujifunza kusikia."

Akafumbua macho. "Mimba ipo. Mfuko umejaa maji, upande wa kulia, na ndani kuna mdogo kama panya. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, mtakamua."

Bi Zaituni akapiga kigelegele kilichomtoa Kaze dukani kwake. Munyaneza alinikumbatia mbele ya watu wote, akalia bila kujificha. Kisha akanishika mabega, akasema:

"Mwalimu, siku ile tuliahidiana kuambiana kweli?"

"Tuliahidiana."

"Basi chai yako ina tangawizi nyingi mno. Inanichoma koo. Mwaka mzima nakunywa, nakufa."

Bi Zaituni, ambaye ndiye anayeipika chai hiyo, alimtazama kwa muda. "Na asali yako," akamwambia, "ina nyuki."

"Wangapi?"

"Siku ya Maulidi nilitoa kikombe kizima."

Wakacheka wakishikana mikono, na chai ya pili ikaja bila tangawizi. Mimi sikuipenda, nikasema hivyo.

Ewe uliyefika nami mpaka hapa, Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako na waliomo, awape watoto wenye afya na mifugo yenye uzazi, aondoe kwenu maradhi yanayoonekana na yaliyojificha, na awajaalie majirani watakaowaambieni lililo kweli mapema, nanyi mkawapokea kwa uso mkunjufu. Amin.